Sigara moja iliyofichwa: kisa cha watu watatu wa Wete

Mkataba uliandikwa nyuma ya karatasi ya kalenda, usiku wa kuamkia Ramadhani, na watu watatu wa baraza moja mjini Wete, Pemba. Waliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hawatavuta tena sigara. Atakayevuta atatoa shilingi 10,000 kwa kila sigara, na jina lake litatangazwa pale pale barazani mbele ya wacheza dhumna wote. Mmoja alitaka kuongeza kiapo cha talaka. Wenzake wakamzuia, wakamwambia asimwingize mtoto wa watu katika mambo ya moshi. Wakatia saini. Sikukuu ilipokwisha, mkataba ulikuwa umeshakufa na wote watatu wanavuta.

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yao. Mimi ni muuguzi, na walinijia mambo yalipokwisha haribika. Zaidi ya mwaka umepita sasa. Wawili hawavuti, na wa tatu anavuta akiwa mahali pamoja tu, ambapo nitapaeleza. Linalonishughulisha ni hili: watu walikuwa wale wale, baraza ile ile, na mapenzi baina yao yale yale. Mara ya kwanza umoja wao uliwaangusha wote kwa mpigo. Mara ya pili ukawashika. Katikati hapo lilibadilika jambo moja kubwa, nalo ni namna walivyokubaliana kumpokea aliyeteleza.

Wenyewe

Wa kwanza ni fundi seremala, ameshapita miaka hamsini. Pakti moja kwa siku ilikuwa haimtoshi. Sigara ya mwanzo aliiwasha akiwa bado kitandani, kabla ya kwenda kutia udhu, na mkewe alishazoea kunyoosha mkono akafungua dirisha bila ya kuamka.

Ukitaka kujua uraibu wa mvutaji umefika wapi, muulize hilo: tangu kuamka hadi sigara ya kwanza hupita muda gani? Karl Fagerström, mwanasaikolojia wa Sweden, alitunga dodoso lake mwaka 1978, likaja kufupishwa mwaka 1991 likabaki na maswali 6, na swali hili ni miongoni mwa mawili yenye uzito mkubwa zaidi. Anayewasha ndani ya dakika 5 hupata alama za juu kabisa. Sababu imo ndani ya damu. Nikotini hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo aliyelala usiku kucha huamka karibu mtupu, na ubongo uliozoea kulishwa unadai haki yake. Moshi ukishavutwa, nikotini huufikia ubongo kabla ya sekunde 20 kupita. Hakuna dawa ya kumeza inayolipa deni kwa kasi hiyo.

Wa pili ni mwalimu wa skuli. Sita, saba kwa siku, zote jioni na usiku, na karibu zote zikiwa na kikombe cha kahawa mkono wa pili. Asubuhi yote anasomesha bila ya shida. Yeye mwenyewe alikuwa akijihesabu si mvutaji hasa.

Wa tatu ni kijana mvuvi wa dagaa, mtoto wa kaka yake fundi. Hununua moja moja, na mara nyingi sinunui, anasema, naomba pafu. Nyumbani havuti. Mbele ya ami yake hakupata kuvuta hata siku moja, kwa sababu ya adabu, ingawa ami alijua na kijana alijua kwamba ami anajua. Hili liwekeni akilini, maana wengine wote walioniuliza habari ya kisa hiki wamelipita. Mtu ambaye maisha yake yote amemsitiri ami yake na moshi wake, sasa mkataba unamtaka asimame barazani amwambie: ami, jana nimevuta.

Mwezi mtukufu ulivyowabeba

Kuanza na Ramadhani kulikuwa na akili ndani yake. Saa kumi na tatu na zaidi kila siku hakuna anayevuta, wala hakuna anayewasha mbele yako. Muuza kahawa hatokei mpaka watu watoke tarawehe. Fundi kila mwaka alikuwa akifunga bila ya shida iliyompita mtu mwingine, kisha adhana ya magharibi ikilia, tende mkono huu na kiberiti mkono ule. Kwa hiyo nusu ya kazi mwili wake ulikuwa umeshaijua.

Nusu ya pili ndiyo ilikuwa ngumu. Siku tatu za mwanzo ndizo hasa nikotini inapolia, na fundi hakuwa na usiku wa kujiliwaza. Alikata fremu ya mlango wa mteja ikawa fupi kwa inchi mbili, akamlaumu mwanafunzi wake, akamlaumu mwenye mbao, jioni akarudi kuipima tena na futi ile ile. Usiku alikuwa halali. Tumbo likafunga, mdomoni vikamtoka vidonda. Yote haya ni ya kawaida na hupungua katika wiki mbili hadi nne, lakini hakuna aliyekuwa amemwambia.

Hata hivyo alipita. Mwalimu naye alipita, isipokuwa futari moja kwa wakwe zake, kumi la katikati, shemegi yake alipomkaribisha nyuma ya nyumba naye akavuta mbili. Hakusema. Alijiambia kuwa zilikuwa za kumridhisha mwenyeji.

Kumi la mwisho mwezi umeshapungua, usiku ni giza, na giza ndilo linalotakiwa na wavuvi wa dagaa wanaovua kwa taa. Kijana akaenda dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na nyumbani.

Usiku wa dago

Hapa nasimulia kama alivyonisimulia, maana ndipo penye kisa.

Taa zimeshawashwa, nyavu zinangoja, hakuna la kufanya ila kukaa na kutazama maji. Nahodha akawasha sigara, akavuta mara mbili, akampa bila ya kumtazama, kama anavyompa mtu kamba aishike. Kijana akaipokea. Anasema hakuwa na hamu. Mkono ulikwenda wenyewe. Alipoimaliza ndipo kiapo kilipomjia kichwani, na hapo akajiambia maneno ambayo kila Mswahili anayajua: ukishayavulia maji nguo, huna budi kuyaoga. Usiku ule ule akavuta nne nyingine. Mpaka dago linavunjwa, kuamkia Sikukuu, alikuwa ameshapita thelathini.

Piga hesabu ya mkataba: sigara thelathini na kitu kwa shilingi 10,000, ni zaidi ya 300,000. Mgao wake wote wa dago lile haukufika hapo. Kwa hiyo aliporudi Wete na kukaa barazani, akanyamaza. Wakamhesabu kuwa yumo. Mzee mmoja mcheza dhumna akamsifu, akasema huyu kijana amewashinda wakubwa zake, yuko baharini na watu wavuta moshi na hakutikisika. Kijana ananiambia faini angeweza kuikopa, lakini sifa zile hakujua azipeleke wapi.

Sikukuu tatu fundi alikwenda dukani kununua sukari. Muuza duka akafungua daftari la madeni: "Fundi, mwanao ana deni la sigara nne hapa. Nikuhesabie pamoja na sukari?"

Fundi akalipa. Usiku, mchezo ukiwa katikati, akalisema barazani kama mkataba ulivyotaka. Kijana akainuka akaenda zake. Mwalimu, mwenye mbili zake za kwa wakwe, alikaa kimya akipanga kete zilizokwisha pangika. Fundi aliyekuwa amekamilisha mwezi mzima bila ya pafu hata moja akasema, "Yakhe, kumbe mie naadhibika peke yangu," akaenda duka lile lile akanunua pakti nzima. Wiki ile mwalimu naye akarudi kwenye saba zake.

Kilichoua mkataba

Barazani wengi walisema kijana hakuwa na azma. Sikubaliani nao. Alikaa siku ishirini bila ya kuvuta, na siku ishirini za mtu anayelala na wavutaji si kitu kidogo. Kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha bila ya msaada wowote, 3 hadi 5 tu ndio huwa bado hawavuti baada ya miezi 6 hadi 12. Kuteleza ndiko kulikozoeleka. Mpango wowote wa kuacha sigara usiokuwa na la kufanya siku ya kuteleza, umepangwa kwa ajili ya watu wasiokuwepo.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, aliyachambua mambo haya katika miaka ya 1980. Alitenganisha kuteleza na kurudi. Kuteleza ni sigara moja. Kurudi ni maisha ya zamani. Katikati ya hayo mawili kuna hukumu ambayo mtu anajipitishia: nimevunja ahadi, kwa hiyo mimi ni mtu wa kuvunja ahadi, kwa hiyo hakuna cha kulinda tena. Kadiri ahadi ilivyokuwa kali na isiyo na mwanya, ndivyo hukumu hiyo inavyokuwa nzito. Sigara moja ya nahodha haikuwa na nguvu ya kumrudisha kijana alikotoka. Zile nne za baadaye zililetwa na hukumu.

Sasa tazama mkataba wao. Kiapo, faini, tangazo. Vyote vitatu ni kuta imara kabla ya sigara ya kwanza, na siku kumi za mwanzo hakika viliwasaidia; fundi anasema usiku wa pili alishika kiberiti akakumbuka sura ya mzee mmoja wa barazani, akakiweka chini. Aibu katika mji mdogo inafanya kazi. Lakini sigara ya kwanza ikishavutwa, kuta zile zile zinamfungia mtu upande wa nje. Faini ya kila sigara inamwambia asihesabu. Tangazo linamwambia asiseme. Kiapo kinamwambia kwamba kimeshavunjika, basi.

Juu ya kiapo, imamu wa msikiti wao aliliweka sawa kwa maneno machache kuliko yangu. Kijana alimwendea akiwa na hofu ya dhambi. Akajibiwa kwamba kiapo kilichovunjwa kina kafara yake, imetajwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 89: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Kisha akamuuliza, katika hayo umesikia wapi pameandikwa endelea kuvuta? Mama yake akapika wali na mchuzi wa samaki, wakalishwa watu kumi, likaisha. Mimi naona sheria ile imemjua binadamu kuliko mkataba wa kalenda. Imeweka bei ya kuvunja kiapo, bei yenye mwisho, na ukishailipa umetoka. Mkataba wa barazani ulikuwa na bei isiyo na mwisho.

Mara ya pili

Fundi hakuja kwangu kwa ajili ya kuacha sigara. Alikuja na kifua. Malalamiko yake yalikuwa kwamba alipoacha ndipo kikohozi kilipomzidi, na aliporudi kuvuta kikatulia, kwa hiyo dawa ya kifua chake ni sigara. Nimeyasikia hayo kwa watu wengi, nao hawasemi uongo. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma makohozi na vumbi kwenda juu. Moshi huvilemaza. Ukiacha, vinaamka na kuanza kufagia uchafu wa miaka, na mtu anakohoa kuliko zamani kwa wiki kadhaa. Ukiwasha tena, vinalala, kifua kinanyamaza, na uchafu unabaki ndani. Kwa fundi anayemeza vumbi la randa kutwa nzima, hili lilikuwa na maana yake. Tulimpima, tukamtoa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu kama inavyopasa kwa mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, majibu yakawa salama. Jioni ile alirudi na wale wawili.

Hawakuwa wanasemezana vizuri. Kijana alikaa mlangoni.

Tulichokubaliana hakikuandikwa popote. Hakuna kiapo, hakuna faini, na barazani lisitajwe kabisa. Aliyevuta atamwambia mwenzake mmoja, amchague mwenyewe, kabla ya kulala. Hilo la kuchagua nililishikilia. Fundi alitaka kila mmoja awaambie wote wawili, ndio uaminifu. Nikamuuliza kama yeye alipokuwa kijana angeweza kumwambia ami yake. Akacheka, ikawa basi. Tangu siku ile kijana humwambia mwalimu, mwalimu humwambia fundi, na fundi humwambia mwalimu au, akipenda, mkewe.

Namna ya kuuliza nayo ilitengenezwa. Swali la kwa nini likapigwa marufuku, maana jibu lake huwa ni kujitetea au kujilaumu. Wanauliza wapi, nani alikuwepo, ilikuwa saa ngapi, na imebaki nyingine? Mwalimu alilipata hili kwa binamu yake aliyepita katika nyumba moja ya kupata nafuu Unguja, zile ambazo watu huziita soba, wanakokaa vijana walioacha unga. Kule mtu husema lililompata huku wenzake wamekaa duara, na hakuna anayemrukia. Ajabu ni kwamba wengi wanaotoka kule wakiwa wameachana na unga bado sigara wanazo.

Moja ya jumbe za sauti za mwanzo mwalimu aliniruhusu niisikilize. Upepo mwingi, sauti ya kijana: "Maalim, nimevuta. Moja. Nahodha kanipa, tulikuwa tunangoja." Mwalimu: "Imebaki mfukoni?" "Hamna." "Haya. Ukipewa nyingine shika kasia." Kijana akacheka, kwa sababu chombo chao kina mashine.

Walibishana sana juu ya kuhesabu. Mwalimu, kama walimu walivyo, alitaka aliyeteleza aanze tena siku ya kwanza. Nilimpinga na bado nampinga. Mwezi mmoja wa fundi bila ya moshi ulishafanya kazi katika mishipa na mapafu yake, na sigara ya siku ya thelathini na moja haiifuti kazi ile. Mtu ukimrudisha sifuri unampa sababu ya kusema ameshapoteza kila kitu. Wakaafikiana kuhesabu siku safi katika mwezi. Siku ishirini na saba katika thelathini ni hesabu inayokubali kuboreshwa.

Kahawa, na mambo mengine ya mwili

Wiki ya pili mwalimu alikuja analalamika mapigo ya moyo, mikono kutetemeka, usingizi hakuna, na hasira za ghafla. Alikuwa na uhakika ni arosto ya sigara, na kwamba mwili wake umekataa. Nikamuuliza anakunywa vikombe vingapi. Sita, saba, kama zamani, huku dele linapita na kashata mkononi.

Hapa pana jambo ambalo wanabaraza wote wanapaswa kulijua. Moshi wa tumbaku huliamsha ini lifanye haraka kuivunja kafeini. Ni moshi wenyewe wenye kazi hiyo, nikotini haimo. Mvutaji kwa hiyo anaweza kunywa kahawa nyingi na isimsumbue. Akiacha kuvuta, katika siku chache ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, kahawa ile ile inakaa ndani muda mrefu zaidi, na kiasi chake katika damu kinaweza kufika maradufu. Mtu anatetemeka, halali, anadhani anaililia sigara, na akiiwasha anahisi ametulia. Kumbe vikombe ndivyo vimemzidi. Mwalimu akapunguza vikawa vitatu, baada ya isha hanywi, na katika wiki ile ile akalala. Muuza kahawa alinuna kidogo.

Vidonge vya kutafuna vya nikotini hatukuvipata Wete. Mwalimu aliletewa na shemegi yake, yule yule wa nyuma ya nyumba, kutoka Dar es Salaam. Vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, pamoja na viraka vya kubandika. Alivitafuna kama ubani wa madukani, tena na kahawa juu yake, akapata kwikwi na kichefuchefu akavichukia. Kidonge hutafunwa polepole mpaka kianze kuwasha, kisha kinalazwa baina ya shavu na ufizi; ladha ikififia unatafuna tena. Kahawa na vinywaji vichachu kama vya limau viepukwe dakika 15 kabla, kwa kuwa huzuia nikotini kupenya mdomoni. Aliyevihitaji hasa alikuwa fundi, na kwa mtu wa sigara ya kitandani ni vile vya miligramu 4. Vya miligramu 2 vinamfaa anayeweza kukaa zaidi ya nusu saa baada ya kuamka. Alivitumia mpaka vikaisha. Mwenye maradhi ya moyo, na mama mjamzito, asivianze bila ya kuonana na daktari.

Vilipoisha, fundi akahamia kwenye karafuu. Anaweka moja shavuni anapoanza kupiga randa, na anasema ganzi yake inamshughulisha ulimi. Sitadai kuwa ni dawa. Ila nilimtania kwamba kwa miaka mingi karafuu za Pemba zilisafirishwa kwa wingi Indonesia, na kule zikaishia kuchanganywa na tumbaku katika sigara zao za kreteki. Akasema basi yeye amezitoa huko.

Msibani

Kipimo cha kweli kilikuja miezi kadhaa baadaye. Mwalimu alifiwa na mtu aliyekuwa kama kaka yake. Matanga ya wanaume yana saa zake ndefu za usiku, mkeka, kahawa, mazungumzo ya chini kwa chini, na daima yupo mwenye pakti. Alivuta tatu. Usiku ule ule, karibu na saa nane, alimpigia fundi.

Fundi hakupokea kwa furaha, anasema alikuwa usingizini. Mwalimu akaanza na utetezi: msibani hakuhesabiwi. Fundi akamjibu, "Kunahesabiwa, lakini hufukuzwi." Kesho yake akavuta mbili, akasema. Siku ya tatu fundi akaenda kukaa naye mkeka mmoja mpaka watu walipotawanyika, bila ya kulitaja jambo lenyewe. Hakuvuta siku ile, wala tangu siku ile.

Ukiwalinganisha kijana wa dago la kwanza na mwalimu wa msibani, mwanzo wao ni mmoja: sigara ya kupewa, usiku, miongoni mwa wavutaji, mtu akiwa hana la kufanya na mikono. Mmoja alikaa na siri yake zaidi ya wiki akafika thelathini. Mwingine siri yake haikumaliza saa mbili, na akaishia tano. Nimewaona wavutaji wengi waliopata dawa nzuri na maelezo mazuri wakarudi nyuma kwa sababu siku ya kuteleza hawakuwa na mtu wa kumpigia ambaye hatawazomea.

Kuna jambo halijatatuka. Kijana bado anavuta dago. Nchi kavu haigusi, na miezi mingine huenda dago mara moja tu, lakini akienda anavuta mbili, tatu kwa usiku. Barazani wanasema huyo ameshaacha. Mimi sisemi hivyo, na nimemwambia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la BMJ, uliokusanya tafiti nyingi, ulionesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya maradhi ya moyo anayobeba mwenye kuvuta ishirini. Moyo haupunguziwi kwa kadiri ya sigara zilizopunguzwa. Anachokihitaji hakipatikani Wete. Mwalimu wake yuko nchi kavu, mtandao kule unakuja na kupotea, na anayempa sigara ndiye nahodha anayegawa mapato. Kuikataa mkononi mwake ni neno zito kwa baharia mdogo.

Hivi karibuni amempata mtu chomboni, mpishi wa dago, naye amechoka na sigara ingawa hajaacha. Kijana anataka aingizwe katika kundi. Fundi hataki: huyo bado anavuta, atawaharibia. Mwalimu anasema hata wao walipokuja kwangu walikuwa wanavuta. Mimi niko na mwalimu, kwa sharti moja, kwamba mpishi achague mwenyewe nani atamwambia, na wale wawili wakiwa baharini waulizane kila usiku kabla ya taa kuwashwa, wasingoje mpaka sigara iwe imeshapokewa. Giza la mwezi huu wanaondoka tena, na mpaka naandika fundi hajakubali.